Ndoano, waya na ndoo ya maji: shajara ya majaribio ya kutua sitahani kwa kipimo cha 1:20, mtaa wa Unga Limited, Arusha

Wiki ya 1: hesabu kabla ya chuma

Ndani ya godauni hili hakuna ndege na haitakuwapo. Kuna kigari cha magurudumu matatu, nyaya nne za breki ya baiskeli, na ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa maji. Kinachotafutwa ni kimoja tu: kwa nini ndoano hupita juu ya waya bila kuunasa, na nini hasa kinaiponya.

Ndege inayotua kwenye meli husimamishwa na ndoano iliyo chini ya mkia wake, inayonasa waya uliokatishwa juu ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya meli. Swali limetoka kwa F-35C, ndege ya kivita ya Marekani iliyoundwa kutua kwenye meli za kubeba ndege. Mwaka 2011, pale Lakehurst, New Jersey, ilikimbizwa ardhini juu ya waya mara nane, ikakosa mara zote nane. Injini ilikuwa nzima, mbawa nzima, marubani wazuri. Tatizo lilikuwa futi 7.1, yaani mita 2.16, umbali kutoka magurudumu makuu hadi ncha ya ndoano. Gurudumu likiukanyaga waya, waya unalala chini kisha unaruka juu tena, kama kamba ya watoto wanaoruka. Ndege ambayo ndoano yake iko mbali nyuma inaukuta waya umeshaamka. F-35C ilikuwa inaukuta bado umelala.

Kwa kipimo cha 1:20, urefu wowote unagawanywa kwa 20. Mwendo haugawanywi kwa 20, unagawanywa kwa kipeuo chake cha pili, 4.47, kwa kuwa mvutano wa dunia hatuwezi kuupunguza. Uzito unagawanywa kwa 8,000 na nishati kwa 160,000. Anayesahau hili atakimbiza kigari chake taratibu mno na kufurahia majibu yasiyo na maana.

Mashine ya kunasia ndege melini, aina ya Mk 7 Mod 3, imeundwa kusimamisha ndege ya pauni 50,000 (kilo 22,700 hivi) inayoingia kwa noti 130, ndani ya futi 344, sawa na mita 105. Noti 130 ni mita 66.9 kwa sekunde. Kwetu inakuwa kilo 2.84, mita 15 kwa sekunde, na mita 5.25 za kusimamia. Nishati ya kumeza ni jouli 320 hivi badala ya milioni 50.8. Ndoano inakaa sentimita 10.8 nyuma ya magurudumu makuu. Tangu gurudumu likanyage waya hadi ndoano ifike, ndege halisi ina milisekunde 32. Kigari kina 7.2. Kufumba na kufumbua kunachukua muda mrefu kuliko zote mbili.

Wanaouliza kwa nini tusirushe ndege ya rimoti wajibiwe hapa mara moja. Kwanza, chombo kisicho na rubani Tanzania kinataka kibali. Pili, ndilo kubwa, hewa ya Arusha ni nyepesi. Uwanja wa Kisongo uko mita 1,387 hivi juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25 uzito wa hewa hapo ni kama asilimia 82 ya ule wa kawaida wa usawa wa bahari (nyuzi 15), kwa hiyo bawa lile lile linahitaji mwendo wa asilimia 10 au 11 zaidi ili libebe, na nishati ya kusimamisha inapanda kwa asilimia 22 hivi. Meli iko usawa wa bahari, tena inaelekeza pua kwenye upepo: ndege inayokaribia kwa noti 135 hewani, upepo wa noti 25 ukipita sitahani, inaugusa waya kwa noti 110 tu. Kigari cha ardhini kinatuondolea hewa yote hiyo kwenye hesabu.

Wiki ya 2: sitaha, reli na mpira

Sitaha ni plaiwudi ya milimita 18, vipande vinane vimelazwa kwa upana, jumla mita 9.76. Waya ziko nne, zimeachana sentimita 60. Urefu unaofanya kazi wa kila waya ni mita 1.5, na waya wa breki ya nyuma ya baiskeli, milimita 1.5, unauzwa tayari ukiwa na urefu unaotosha na kichwa kidogo cha metali upande mmoja. Kichwa hicho kinakaa kwenye kikombe cha chuma, kwa hiyo waya wa katikati unabadilishwa kwa dakika moja bila kugusa mkanda unaokwenda kwenye breki. Melini pia ni hivyo: kipande kinachokatisha sitaha ni tofauti na kamba ndefu inayoingia kwenye mashine chini, na hutupwa baada ya kunasa mara 125 hivi.

Waya unainuliwa na vipande vya mkanda wa chuma wa kufungia makasha, vilivyokunjwa upinde. Melini waya unakaa kati ya inchi 2 na 5.5 juu ya sitaha. Kwetu ni milimita 2.5 hadi 7. Tumeanzia 5. Kukaza waya kunapimwa kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama: kilo 2 kila upande, kabla ya kila mbio.

Msukumo ni tyubu za pikipiki zilizokatwa vipande, zikivutwa mita 8. Zikiwa zimevutwa hadi mwisho mizani inasoma kilo 9.5. Tulitarajia mita 15 kwa sekunde, tukapata 15.1 mchana na 14.2 saa moja asubuhi. Hii ni Julai ya Arusha, na mpira wenye baridi haurudishi nguvu yote uliyopewa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa nishati ni asilimia 12. Tangu siku hiyo hakuna mbio kabla ya saa nne, na tyubu zinavutwa mara tano tupu ili zipate joto.

Kipima mwendo: milango miwili ya mwanga, sentimita 50 kati yake, ikisomwa na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta. Kwa mwendo wetu tofauti ya muda ni milisekunde 33. Tulianza na vihisi vya LDR (vipingamizi vinavyobadilika kwa mwanga), tukapata namba zinazorukaruka kama panzi. LDR inachelewa kuamka kwa makumi ya milisekunde, kwa hiyo ilikuwa inapima uchelewaji wake wenyewe. Vimebadilishwa kwa fototransista, vihisi vya mwanga vinavyoamka haraka zaidi. Sasa mbio tatu mfululizo hazipishani zaidi ya mita 0.1 kwa sekunde.

Wiki ya 3: ndoo

Mbio za kwanza za kujaribu kigari zilisimamishwa kwa mifuko ya mchanga iliyofungwa ncha za kamba. Eugene Ely alifanya hivyo hivyo tarehe 18 Januari 1911 alipotua juu ya USS Pennsylvania kwenye ghuba ya San Francisco: kamba 22, kila ncha na mfuko wa pauni 50. Inafanya kazi, ila kila mfuko unaanza kusogea kwa mshtuko wake.

Breki ya kudumu ni ya maji. Shafti moja ya wima kwenye beringi 6202, chini yake makasia sita ndani ya ndoo, juu yake ngoma mbili za mkanda, moja ya waya wa kushoto na moja ya kulia. Kigari kikivuta mkanda, ngoma inazunguka, makasia yanapiga maji.

Siku ya kwanza breki haikushika. Kigari kilipita sitaha nzima kikaishia kwenye godoro. Maji yalikuwa yanazunguka pamoja na makasia kama uji kwenye sufuria. Yakishashika mwendo hayazuii tena. Vibao sita vimechomelewa kwenye fremu ya chuma na kushushwa ndani, vikiacha sentimita moja tu na makasia. Sasa maji yanagonga ukuta badala ya kuzunguka, na nguvu imerudi.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Nguvu ya breki ya maji inakwenda na mraba wa mwendo. Mwanzoni inavuta kweli kweli, mwendo ukishuka nusu nguvu inabaki robo, na kigari kinajikokota mwishoni bila kusimama. Dawa ni mkanda bapa unaojiviringisha juu yake wenyewe badala ya kamba ya mviringo. Unapofunguka, nusu kipenyo cha ngoma kinapungua, ngoma inalazimika kuzunguka haraka zaidi kwa mwendo ule ule wa kigari. Kwa mwendo mmoja, nguvu inapanda kwa mchemraba wa kupungua huko. Mkanda wetu una unene wa milimita 1.4, na kila upande unatoka mita 4.55 kigari kikienda mita 5.25. Ngoma inaanza na milimita 60 na kuishia karibu 40. Moja na nusu kwa mchemraba ni 3.4, na hiyo ndiyo iliyokuwa inakosekana. Sentimita 30 za mwisho zimeachiwa kiatu cha breki ya pikipiki kinachoparaza ngoma kidogo.

Mkanda wa nailoni usitumike. Ulikuwa unavutika, na baada ya kusimama ukakirudisha kigari nyuma sentimita 80. Kurudi kidogo kunasaidia ndoano kuachia waya, lakini sentimita 80 ni mita 16 za meli, na mita 16 nyuma pengine kuna mtu. Wa poliesta, ule wa kufungia mizigo, unarudi sentimita 6.

Jouli 320 ndani ya lita 15 haziongezi joto hata nyuzi moja ya mia. Kipimajoto kimeondolewa.

Wiki ya 4: ndoano

Wiki hii yote imekwenda kwenye kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba.

Ndoano A ilichongwa kufuata umbo linaloonekana kwenye picha za zamani: mdomo mnene, mviringo, milimita 1.5. Kigari kilikimbizwa juu ya sitaha bila kudondoshwa, kama Lakehurst. Mbio 12, mnaso mmoja, nao wa bahati: waya ulikuwa umelegea.

Simu ya kawaida ya fremu 240 kwa sekunde haikuonyesha kitu. Kati ya fremu na fremu zinapita milisekunde 4.2, na tukio letu lote ni 7.2. Ikaazimwa simu yenye fremu 960 kwa vipande vifupi, na hapo zikapatikana fremu saba. Fremu ya kwanza: gurudumu juu ya waya. Ya pili hadi ya tano: waya umelala kabisa, umegusa plaiwudi. Ya sita: unaanza kuamka kwa pembeni, si katikati. Ya saba: ndoano imefika, mdomo unapanda juu ya waya na kuukandamiza tena.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Waya wa milimita 1.5 uliolala, kitovu chake kiko milimita 0.75 juu ya sakafu. Mdomo wenye ncha mviringo ya nusu kipenyo cha milimita 1.5 unaugusa waya juu ya kitovu, na kitu kinachosukumwa juu ya kitovu kinashuka. Ili waya upande, mdomo lazima uingie chini ya 0.75. Ndoano B imechongwa kutoka kipande cha springi bapa ya gari, mdomo milimita 0.6, umechongoka kama koleo. Anayechonga kwa grenda achovye majini kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ugumu umekwenda, na mdomo utakunjika mbio ya pili. Umaliziaji ni kwa tupa.

Mbio 12, minaso 8. Nne zilizokosa zilikosa kwa namna nyingine kabisa. Fremu zinaonyesha ndoano haipo chini. Imeruka. Kwenye mbio tatu iliruka ilipogonga maungio ya plaiwudi, ngazi isiyofika milimita moja, na ikapita juu ya waya ikiwa hewani. Ya nne iligongwa na upinde wa kuinulia waya. Ndoano ina springi ya kuishusha, lakini springi tupu inaisukuma chini, inagonga, inaruka, inasukumwa tena. Inadunda.

Maungio yamejazwa puti na kupigwa msasa. Springi imeongezewa kizuizi kidogo cha mafuta, kile cha bawaba ya kabati kinachofanya mlango ufunge polepole. Kimefungwa kikifanya kazi upande mmoja tu: ndoano inashuka haraka, inapanda kwa shida. Mara ya kwanza kilifungwa kinyume, na ndoano ikawa inapanda kama kawaida na kushuka kwa ulegevu. Minaso ikapungua kuliko bila kizuizi. Mshale wa wino umechorwa juu yake.

Ndoano B na kizuizi: mbio 20, minaso 19.

F-35C iliponywa kwa mambo hayo hayo mawili: ncha ya ndoano ilichongwa upya iweze kuchota waya uliolala, na kizuizi kinachoibana chini kikarekebishwa. Tarehe 3 Novemba 2014 ilinasa kwa mara ya kwanza kwenye USS Nimitz, na hadi tarehe 14 ilikuwa imenasa mara 124 bila ndoano kukosa waya hata mara moja pasipo kukusudiwa. Umbali wa futi 7.1 haukuguswa, kuusogeza kungetaka ndege nyingine.

Mdomo mwembamba una bei yake. Ndani ya minaso 30 waya mbili zimeanza kukatika nyuzi. Si ncha inayokata, ni koo la ndoano nyuma ya mdomo, pale waya unapokunjwa. Koo lilikuwa na mviringo wa milimita 2. Limepanuliwa hadi 4 na kung'arishwa kwa msasa namba 400.

Wiki ya 5: kudondosha

Kukimbiza ni nusu ya kazi. Ndege inashuka kwenye mteremko wa nyuzi 3.5 hivi na haiinui pua kabla ya kugusa kama ifanyavyo ndege ya abiria, inagongwa sitahani. Bila upepo, noti 130 kwa mteremko huo ni mita 4.1 za kushuka kwa sekunde. Kwetu ni 0.91, na mwendo huo unapatikana kwa kuanguka sentimita 4.2 tu. Reli imeinuliwa kiasi hicho. Kigari kinatoka ukingoni, kinakaa hewani milisekunde 93, kinagusa mita 1.4 mbele.

Mbio za kwanza kigari kilitua kwa pua. Sababu ni ya kijinga ukishaiona: gurudumu la mbele linatoka ukingoni kwanza na kuanza kuanguka wakati ya nyuma bado yamebebwa. Reli ya katikati imeongezwa sentimita 28, sawa na umbali wa gurudumu la mbele na ya nyuma, kwa hiyo yote matatu yanakosa sakafu kwa wakati mmoja.

Mbio 20 za kudondosha: minaso 17. Zote tatu zilizokosa, magurudumu yaligusa sentimita chache kabla ya waya na kigari kikadunda, ndoano ikapita juu. Kigari chetu hakina shokapu, na hilo litarekebishwa kabla ya kuilaumu ndoano. Rubani wa kweli akikosa hivyo tayari ameshasukuma gesi hadi mwisho. Anafanya hivyo kila anapogusa sitaha, hata akihisi amenasa, kwa sababu akisubiri kujua amekosa, sitaha imekwisha. Kigari kina godoro na wavu wa samaki.

Kuhusu usalama, kwa wanaotaka kuiga: waya ukikatika haurudi mbele tu, unafagia pembeni. Tarehe 18 Machi 2016 kwenye USS Dwight D. Eisenhower waya ulishindwa ndege ya E-2C ikiwa imenasa. Ndege iliporomoka ukingoni mwa sitaha ikajikwamua ikaruka, lakini mabaharia 8 waliumia sitahani. Uchunguzi ulikuta kosa kwenye matengenezo ya mashine ya kunasia. Kwetu hakuna anayesimama mbele ya mstari wa waya namba 1 tyubu zikiwa zimevutwa, na pembeni kuna plaiwudi hadi kifuani.

Wiki ya 6: nje ya mstari

Hadi sasa kigari kimekuwa kikinasa katikati. Wiki hii reli imesogezwa sentimita 10 kushoto, sawa na mita 2 za meli. Kigari kilinasa vizuri, kikaanza kusimama, halafu kikazidi kwenda kushoto kama kimeitwa, na kutoka pembeni mwa sitaha.

Tuliishuku ndoano, tukashuku magurudumu. Kosa lilikuwa shafti moja. Ngoma mbili zilizofungwa pamoja zinatoa mkanda sawa kwa sawa. Kigari kilichonasa sentimita 10 kushoto kina sentimita 65 za waya upande mmoja na 85 upande wa pili, na tofauti hiyo ya 20 haiwezi kubadilika tena mkanda ukitoka sawa. Chora pembetatu mbili: mita 5.25 mbele, tofauti ya sentimita 20 inakiweka kigari sentimita 71 kushoto. Alama ya tairi ukingoni ilikuwa kwenye 68. Mashine ilikuwa inafanya kile kile ilichojengwa kufanya.

Shafti imekatwa. Sasa kuna ndoo mbili za lita 10, kila upande na ngoma yake. Kila mkanda unavuta kwa nguvu karibu sawa badala ya urefu sawa, na nguvu mbili sawa zinakirudisha kigari katikati. Mbio 6 za sentimita 10, zote zimesimama ndani ya sentimita 9 kutoka mstari. Lakini limezaliwa jambo jipya: ndoo zisipokuwa na maji sawa, hata mnaso wa katikati unapinda. Lita moja pungufu upande wa kulia ilikipeleka kigari sentimita 20 kushoto. Mstari wa rangi umechorwa ndani ya kila ndoo, na unaangaliwa baada ya kila mbio tano kwa sababu maji yanaruka nje.

Kigari chepesi cha kilo 2.0 kimejaribiwa mara mbili bila kupunguza maji. Kilisimama mita 3.9, na bolti moja ya ndoano ikapinda. Jedwali la uzito na kina cha maji linaandaliwa kwa kilo 2.0, 2.4 na 2.84, lengo likiwa zote zisimame kwenye mita 5.25 zile zile.

Waya namba 3 umetolewa: nyuzi mbili kati ya 19 zimekatika, sentimita 4 kutoka katikati. Wa akiba umebaki mmoja. Wiki ijayo ni shokapu za kigari.